Kifaa Kwenye Usukani wa Daktari Editha

Watu wa Mtinko na vijiji vya kuelekea Mgori humwita Editha Ntandu "Daktari," ingawa mwenyewe hukumbusha kila apatapo nafasi kwamba ana stashahada tu ya afya ya mifugo. Hakuna anayejali tofauti hiyo. Ng'ombe akishindwa kuzaa, mbuzi wakianza kukohoa, kuku wakisinzia uani, ni yeye anayepigiwa simu. Ana duka dogo la dawa za mifugo karibu na uwanja wa mnada, mume aitwaye Manase anayelima alizeti na kukaa dukani mkewe asipokuwepo, na pikipiki nyekundu aliyoinunua kwa mwalimu aliyehama. Kwa pikipiki hiyo ameingia karibu kila zizi la upande ule kwa miaka kumi na moja.

Miaka yote hiyo alipata njia kwa maelezo ya mdomo. Mtu angemwambia kwenye simu: "Ukivuka korongo utaona mawe mawili yamebebana. Hapo acha njia kubwa, ingia kulia, fuata nyayo za ng'ombe mpaka uone bati jipya." Editha alikuwa hodari wa maelezo ya namna hiyo. Aliyaandika kwa kalamu juu ya kiganja cha kushoto, akayasoma huku anaendesha. Shida ni kwamba kule Mgori, msitu unakoanzia, njia hazikai mahali pamoja. Mvua ikikata korongo, watu wanavukia kwingine. Mfugaji akihamisha boma, nyayo zinahama naye. Na bati jipya la mwaka huu mwakani ni kuukuu, halafu jirani naye ameshaezeka.

Januari ya mwaka juzi Mzee Moses Hango alimpigia asubuhi. Mtamba wake alikuwa anahangaika kuzaa tangu alfajiri, ndama amekaa vibaya. Editha aliondoka Mtinko saa mbili. Saa nne kasoro alikuwa kwenye mawe mawili yaliyobebana, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Njia aliyoijua ilikuwa imelimwa uwele. Akatafuta nyingine, ikaishia kichakani. Akarudi, akajaribu ya tatu. Simu haikuwa na mtandao hata kidogo. Alipofika bomani ilikuwa inakaribia saa nane mchana, na mtamba alikuwa amelala ubavu, amekwisha kufa, na ndama ndani yake.

Mzee Moses hakumlaumu. "Umechelewa kidogo, Daktari," alisema, kisha akamletea maji ya kunawa, kama anavyofanya kila mara, ingawa safari hii Daktari hakuwa ameshika kitu. Editha alinawa ile mikono misafi. Anasema hilo ndilo lililomuuma kuliko maneno yoyote.

Wakati wa kurudi alifuata alama za matairi yake mwenyewe ili atoke. Akasimama mahali fulani, akashuka, akaziangalia. Asubuhi ile alikuwa amepita mara mbili nyuma ya kichaka kilichopakana na boma la Mzee Moses, karibu kiasi kwamba angezima injini angesikia mbuzi. Akakaa pale muda, akijaribu kuona kichwani mzunguko wote jinsi ambavyo ndege angeuona kutoka juu. Hakuweza. Lakini toka siku hiyo wazo hilo halikumwacha.

"Simu yako si ina ramani?" Manase alimuuliza.

Ilikuwa nayo. Editha alinunua kishikilia simu cha plastiki, akakifunga kwenye usukani, na kwa wiki tatu akatembea na ramani. Kwenye lami ya kwenda Singida mjini ilifanya kazi vizuri. Akiiacha lami, mistari ilipungua, na mtandao ulipokatika ramani ikabaki ukungu wa kijivu. Jua la mchana likaichemsha simu mpaka ikajizima yenyewe. Kisha kamera ikaanza kutetemeka. Kila picha ilitoka kama imepigwa na mtu mwenye homa. Hiyo kamera ndiyo aliyokuwa akipigia picha vidonda na vinyesi vya mifugo na kumtumia Dokta Godfrey, daktari wa mifugo wa mjini aliyekuwa akimshauri. Fundi wa simu alimwambia ni mtikisiko wa pikipiki umeiharibu. Editha akafungua kishikilia, akakitupa kwenye droo.

Mjini Singida kuna duka la spea, redio na betri linaloendeshwa na mama mmoja wa Kihindi, Hansa, ambaye wateja humwita Mama Foram kwa jina la binti yake. Amezaliwa palepale mjini, na hana haraka na mteja. Editha alikwenda kununua plagi, akajikuta anamweleza habari ya mtamba.

"Unatafuta GPS," Mama Foram akasema. "Na si ya simu. Ngoja."

Akaweka vitu vitatu juu ya kaunta. Cha kwanza kilikuwa kimetengenezwa hasa kwa ajili ya pikipiki, kipya, kioo chake kizuri cha kugusa. Cha pili kilikuwa cha gari, kioo kipana kuliko vyote, nacho kinasema kwa sauti. Cha tatu kilikuwa kama kiredio cha mkononi, cha kijani kilichochakaa, kina vitufe vya mpira na kioo kidogo kisichozidi kiberiti. Hicho, alisema, kilikuwa cha wachimba visima. Mradi wao ulipokwisha mmoja wao alimwachia.

Editha hakugusa chochote kwanza. Aliuliza: "Kinajuaje niliko, kama huko hakuna mtandao?"

"Hakihitaji mtandao. Juu huko kuna satelaiti zinazunguka. Kila moja inatangaza saa, kama redio inavyotangaza saa. Iliyo mbali, tangazo lake linachelewa kufika. Hiki kinapima limechelewa kiasi gani. Kikizisikia nne, kinajua kiko wapi."

"Kama radi," Editha akasema. "Unaona mwanga, unahesabu mpaka ngurumo ifike, unajua imepiga mbali au karibu."

"Hivyohivyo."

"Na zenyewe zinajua niliko?"

"Hazijui. Hazina habari na wewe. Hiki hakisemi kitu, kinasikiliza tu."

Editha aliyapenda maneno hayo, na jioni akamjibu nayo Manase, aliyeuliza kama mtu anaweza kumfuatilia mke wake kwa kutumia kitu hicho.

Pale dukani kilichobaki kilikuwa kuchagua. Kile cha pikipiki walikiweka pembeni mapema. Ramani ya Tanzania ilikuwa inanunuliwa peke yake, na kioo chake hakikuitika vizuri Editha alipokigusa akiwa amevaa glavu zake za mpira. "Mimi mikono yangu nusu ya siku ina damu au matope," alisema. Mama Foram akamwambia achukue hivyo viwili vingine, atembee navyo siku mbili, kisha aje aseme.

Siku ya kwanza alifunga kile cha gari kwa mpira wa tyubu juu ya tenki. Sauti ya kike ikamwelekeza vizuri mpaka nje ya Mtinko, kisha ikamwambia ageuke kulia. Kulia kulikuwa na shamba la alizeti. Editha alisimama akalitazama, kwa sababu alitaka kujua sauti ile imeona nini. Mwanamke aliyekuwa akipalilia alimwambia kwamba zamani, kabla hajaolewa, palikuwa na njia ya magari ya pamba ikipita hapo katikati. Basi kifaa hakikuwa kimedanganya, kilikuwa kimechelewa miaka ishirini. Alipofika Mgori ramani ilikwisha kabisa, ukabaki mshale mdogo juu ya weupe. Na jua lilipopanda alilazimika kukiinamia na kukikinga kwa mkono ili aone hata huo mshale.

Siku ya pili akachukua kile cha kijani. Nacho ramani yake ilikuwa tupu, tupu kuliko ya gari. Lakini kadiri jua lilivyozidi kuwa kali ndivyo kioo chake kilivyozidi kusomeka, kinyume cha vyote alivyowahi kutumia, na jambo hilo lilimshangaza hata akakigeuzageuza juani kama mtoto. Vitufe viliitika kwenye glavu. Alikimwagia maji, hakikusema kitu. Na alipotoka bomani kwa mgonjwa mmoja na kutazama kioo, aliona mstari mwembamba wenye kona na vizunguko. Ilimchukua muda kuelewa kwamba ni yeye. Ni njia aliyopita tangu asubuhi, imechorwa kutoka juu.

"Nachukua hiki kichafu," alimwambia Mama Foram kesho yake.

"Hakina ramani, Daktari."

"Nitakiwekea."

Bei walipatana bila kuvutana. Mama Foram akaongeza waya wa kuchajia na kidude kidogo cha kupunguza umeme wa betri ya pikipiki ili usiunguze kifaa, akamwonya kwamba betri za kawaida zitakwisha haraka akitegemea hizo peke yake.

Kukifunga kwenye pikipiki ndiko kulikowasumbua. Fundi wake alikuwa Lazaro, mwenye gereji ya kuchomelea pale Mtinko, mtu mpole asiyependa kuharakishwa. Lazaro alikiangalia kifaa, akaangalia pikipiki, akasema kazi ni ndogo. Saiti mira ya kushoto, kioo cha kutazamia nyuma, ilishavunjika zamani na tundu lake lilikuwa wazi. Alikata kipande cha chuma bapa, akakikunja, akakitoboa, akakifunga kwenye tundu hilo kwa bolti, na kifaa akakibana juu yake. Kilipendeza. Kilikaa siku tano.

Siku ya sita, akitokea Mgori kwenye barabara ya vumbi yenye vituta vidogo vidogo visivyoisha, Editha aliangusha macho aone muda akakuta chuma kimekatika pale pale kwenye mkunjo. Kifaa hakipo. Alirudi nyuma polepole akiwa amesimama juu ya vikanyagio, macho chini, kisha akaona hata hivyo anakwenda kasi mno, akaiegesha pikipiki na kutembea kwa miguu. Alitembea kilomita mbili na zaidi. Alikikuta kwenye mchanga katikati ya alama za matairi, kimelala chali, kingali kinawaka. Kilikuwa kinaonyesha kwamba kimefika, kimesimama, na hakijatikisika tangu saa saba na dakika kumi. Editha alicheka peke yake pale barabarani.

Lazaro hakucheka. Alikishika kile chuma kilichokatika akakitazama kwa muda mrefu.

"Si uzito," alisema. "Hiki kitu hakina uzito. Ni mtetemo. Pale kwenye kioo pananing'inia, panatetemeka zaidi. Ndiyo maana hata kile kioo chenyewe kilivunjika."

"Utajuaje wapi panatetemeka kidogo?"

Lazaro akakiweka kile chuma chini. Aliingia ndani akatoka na vifuniko vya soda. Akabandika kimoja kwenye ncha ya usukani kwa gundi ya viraka, kingine pale tundu la saiti mira lilipo, kingine katikati ambapo usukani umebanwa kwenye uma wa mbele, na cha mwisho juu ya tenki. Akavijaza maji vyote kwa kijiko, akawasha injini, akaiacha inguruke. Wakainama wote wawili kutazama. Kwenye ncha ya usukani maji yaliruka nje yote. Kwenye tundu la saiti mira yakabaki nusu. Juu ya tenki yalikuwa yanachemka bila moto. Katikati, kwenye vibano, yalicheza vipete vidogo tu vya duara, kimoja ndani ya kingine.

"Ongeza moto wa injini," Editha akasema. Lazaro akaongeza. Vipete vikaongezeka, lakini maji hayakumwagika.

Walirudia mara tatu, na watu wawili waliokuja kuziba pancha wakajiunga kutazama. Editha anasema ile ilikuwa asubuhi nzuri kuliko nyingi alizopata mwaka huo.

Basi Lazaro akaanza upya. Alitumia chuma kinene bila kukikunja, akakilaza juu ya vibano viwili vya katikati kwa kutumia bolti zake ndefu zaidi. Kati ya chuma na kifaa akaweka vipande vya mpira wa shokapu kuukuu ya gari. Nati alitumia zile zenye plastiki ndani, zisizolegea hovyo. Na kwa sababu hakuiamini hata kazi yake mwenyewe, akapitisha kamba ya nailoni kutoka kwenye kifaa mpaka kwenye usukani, ili kikitoka kisifike chini. Umeme aliuchukua kwenye waya unaoupata pale tu swichi inapofunguliwa, ili kifaa kisinyonye betri pikipiki ikiwa imelala. Akaweka fyuzi. Waya akaupitisha sambamba na wa klachi, akaulegeza kidogo, kisha akakata usukani kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho kuona kama unavutika.

"Panda," alimwambia. "Kaa kama unavyokaa. Tazama mbele kama uko njiani. Sasa shusha macho tu, usishushe kichwa. Unakiona?"

"Naona nusu."

Akakiinua kidogo. "Sasa?"

"Nakiona."

"Usikitazame sana. Kitakuonyesha boma lakini hakitakuonyesha shimo."

Kifaa hicho kilimfundisha mambo ambayo hakuyategemea. Alitambua kwamba akiwa amesimama mshale huzungukazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala, hasa karibu na vyuma vya pikipiki, lakini akianza tu kutembea unatulia na kusema kweli. Kila boma alilofika alibonyeza kitufe, akaandika jina kwa herufi chache zilizokubalika. Aliweka alama kwenye visima, mahali pa kuvukia korongo, josho la zamani. Jioni alizinakili alama hizo kwenye daftari la shule kwa namba za mahali zilizoonyeshwa na kifaa, na Manase, aliyekuwa ameanza kwa mashaka, akajitwika kazi ya kuchora.

Jambo la kwanza lililowashangaza lilikuwa boma la Mzee Moses na boma la mfugaji mwingine aitwaye Joseph. Kwa miaka kumi na moja Editha alikuwa akiyafikia kwa njia mbili tofauti, mojawapo ikizunguka upande wote wa pili wa mwamba mrefu wa mawe, na kichwani mwake yalikuwa mbali kama Mtinko na mjini. Kwenye daftari yaliangukia karibu kushikana. Kilomita moja na mita mia mbili. Alipouliza akaambiwa kuna kijia cha mbuzi kinachokatiza kati ya mawe. Hakuna aliyewahi kumwambia kwa sababu hakuna aliyejua kwamba hajui.

Kiangazi kilichofuata wafugaji wa upande ule walimaliza michango yao wakakodi tingatinga na kuchimbua lambo la zamani lililojaa mchanga. Lilikuwa jambo la fahari. Mvua zilipoanza lilijaa, na kila mmoja akapeleka mifugo yake huko.

Februari ndama wakaanza kufa. Walikuwa ndama wazuri, walionona, wa kati ya miezi minane na mwaka na nusu. Jioni mmoja anachechemea, asubuhi amevimba paja, na ukiubonyeza uvimbe ule unasikia chini ya ngozi mlio kama wa karatasi kavu inayokunjwa. Editha aliujua mara moja: chambavu. Alichukua sampuli akazipeleka kwa Dokta Godfrey na majibu yakathibitisha. Lakini swali lililomkosesha raha halikuwa ugonjwa gani. Lilikuwa kwa nini hapa na si pale. Boma la Joseph lilipoteza wanne, jirani yake mwingine, wa karibu kuliko hata Mzee Moses, hakupoteza hata mmoja.

Aliweka alama kwenye kila boma lililofiwa. Manase akazihamishia kwenye daftari. Nukta zilitawanyika huku na huku, hazikusema kitu.

Manase ndiye aliyeliona kosa. "Ugonjwa huu si unatoka ardhini?" aliuliza. "Sasa mbona unaweka alama wanakolala? Hawali wanakolala."

Kesho yake Editha akaanza upya. Kwa kila ndama aliyekufa alimtafuta aliyemchunga, akamuuliza siku tano za mwisho alikuwa wapi, kisha akamwomba ampeleke. Walikwenda mpaka kwenye nyasi zenyewe, akabonyeza kitufe. Kazi hiyo ilimchukua siku tisa, na alipomaliza Manase alikaa na kalamu nyekundu. Nukta kumi na nne. Kumi na mbili kati yake zilikuwa zimelizunguka lambo lililochimbuliwa kama nzi kwenye kidonda, nyingi zikiwa upande mmoja, mahali tingatinga lilipomwaga udongo. Jirani wa Joseph, yule ambaye hakupoteza ndama, alikuwa na kisima chake mwenyewe.

Alimpigia Dokta Godfrey. "Nukta peke yake si ushahidi," daktari alisema. "Lakini vimelea vya chambavu vinaweza kulala ardhini miaka mingi, na udongo ukifukuliwa vinapanda juu. Ningekuwa wewe ningeanzia hapo."

Wafugaji walikutana palepale lamboni. Editha alieleza, akapitisha daftari, akawaonyesha kifaa. Joseph ndiye aliyesema kwanza, bila kupandisha sauti.

"Daktari, tumechangishana miaka miwili kwa ajili ya maji haya. Unatuambia tulinunua maradhi?"

"Sisemi muache maji, kaka. Nasema ule udongo uzungushiwe miiba mnyama asiukanyage, na ndama wasiochanjwa wasije huku kabisa. Tuchanje wote. Wakikaa wiki mbili tatu baada ya chanjo, watakuja."

"Na kama kidude chako kimekosea?"

"Kikiwa kimekosea, ndama wako watakuwa wamechanjwa bure. Hutakuwa umepoteza ng'ombe."

Mzee Moses aliliomba daftari. Hajui kusoma sana, lakini alilitazama kwa makini, akaweka kidole kwenye nukta moja. "Hapa ni pale penye mgunga uliovunjika," alisema. "Huyu ni ndama wangu mwekundu. Alilala hapa siku mbili kabla ya kufa." Akahamisha kidole. "Na hapa ni kwa Joseph. Ni kweli. Ni mahali pamoja." Kisha akamrudishia Editha daftari. "Wangu chanja kesho."

Wengi walimfuata. Joseph alisubiri, akapoteza wengine wawili, ndipo alipopiga simu. Editha alikwenda siku hiyohiyo kwa kijia cha mbuzi, akachanja, na hakuna aliyegusia yaliyopita. Tangu wote walipochanjwa walikufa watatu, nao walikuwa wameshaambukizwa kabla ya sindano. Kufikia Aprili hakufa mwingine.

Lakini miiba ilipozungushwa na ndama kufungiwa, palibaki swali la wapi wanyweshwe msimu mwingine, kwa kuwa kila mwaka watazaliwa wasiochanjwa. Mzee Moses akasema kulikuwa na kisima kilichochimbwa na baba yake upande wa msituni, kikafukiwa na mchanga yeye akiwa bado anachunga mbuzi. Alikuwa na hakika atakipata. Editha akampakia kwenye pikipiki.

Siku ya kwanza walitembea asubuhi nzima kichakani, mzee akiwa mbele na fimbo yake, akisema ni hapo mbele tu. Walipopumzika Editha akakitoa mfukoni kifaa, alichokifungua kwenye usukani waliposhuka, akamwonyesha mstari. Mzee Moses alikitazama, akafuata kwa kucha ya kidole gumba.

"Huyu anayezunguka ni nani?"

"Ni sisi, mzee. Tumepita hapa mara tatu."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika kwa kicheko. "Basi na mimi nimepotea kwetu," alisema.

Siku ya pili Editha alimwomba asitafute kisima, ila amweleze walipokuwa wakitoka asubuhi na mbuzi walipita wapi. Walianzia kwenye masalia ya boma la kale, wakaacha upande wote ambao mstari wa jana ulikwisha kuupita, wakashuka bondeni. Saa sita walikikuta: duara la mawe lililozama, mti umeota katikati. Mzee Moses alizunguka akiyagusa mawe moja baada ya jingine. Editha akashika kifaa juu ya duara na kubonyeza kitufe.

"Niandike jina gani?"

"Andika Hango."

"Hango lipo, ni boma lako."

Akafikiri. "Basi andika Hango Baba."

Editha aliandika. Alimwambia pia, kwa kuwa ndiyo kazi yake, kwamba hata hapa wakifukua udongo ni lazima wachanje kwanza, na mzee akasema anajua, amekwisha kuwaambia wengine. Walichimba Julai. Maji yaliyopatikana kwenye kina cha kimo cha watu wawili yana chumvi kidogo, na ndama wanayapenda.